Gisenyi, Tulipokwenda Kuulizia Chuo

Ukivuka daraja la Rusumo ukitokea kwetu Ngara, gari huacha upande wa kushoto wa barabara likashika wa kulia, na kuanzia hapo hadi Ziwa Kivu ni vilima, migomba na kona. Mto Kagera unaporomoka pale pale mpakani, na jirani yake kuna kituo cha kufua umeme cha megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Binti wa kaka yangu alikuwa amekaa dirishani. Alitaka kujua maji yanayopita ni kiasi gani kwa sekunde, na yanaanguka kutoka urefu gani, ili apige hesabu mwenyewe aone kama hizo megawati 80 zinapatikana kweli. Abiria wengine walikuwa wakibadilisha fedha.

Matokeo yake ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na dirisha la udahili lilikuwa bado wazi. Nyumbani mazungumzo yalikuwa yamekwama. Kaka alitaka asome uhasibu. Na kama ni lazima iwe sayansi, basi iwe uhandisi, kwa sababu kazi ya mhandisi kila mtu anaijua. Mtoto mwenyewe alitaka fizikia, au kemia, au jiolojia. Hakuwa ameamua, ila alijua hataki kuiacha sayansi yenyewe. Juu ya hayo alikuwa na majina ya vyuo vya ng'ambo aliyoyaokota kwenye orodha za vyuo bora duniani, na aliyataja kama watu wanavyotaja timu za mpira. Mimi nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo pande zote mbili zilinitazama mimi. Mama yangu mdogo ameolewa Gisenyi miaka mingi na alikuwa akituita. Nikamwambia kaka: niachie huyu mtoto, twende tukamsalimie bibi yake, tutakaporudi atakuwa na la kusema.

Salamu hazikuwa sababu pekee. Katika ukanda wetu huu sipafahamu mahali pengine ambapo fizikia, kemia na jiolojia zimekaa mlangoni mwa watu kama Gisenyi. Nilitaka aione kazi kabla hajachagua darasa.

Kigali tulipita kwa kifupi. Chuo Kikuu cha Rwanda kiliundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi saba za umma, mojawapo ile ya Butare iliyoanza 1963, nyingine KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, iliyoanza 1997. Majengo ya KIST, mtaa wa Nyarugenge, ndiyo leo makao ya Ndaki ya Sayansi na Teknolojia. Katika eneo hilo hilo kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi iliyoanza 2018 kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia. ICTP ilianzishwa 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, ambaye alitaka mwanasayansi wa nchi maskini aweze kufanya fizikia ya juu bila kuhama kwao moja kwa moja. EAIFR inafundisha uzamili na uzamivu. Kigali hiyo hiyo kuna AIMS ya hisabati, iliyofunguliwa 2016, tawi la mtandao ulioanzia Afrika Kusini 2003. Ilikuwa likizo, tuliona baraza na mbao za matangazo tu. Lakini hilo lilitosha kwa jambo nililotaka alishike mapema, kwamba mlango wa uzamili umesogea karibu. Aliyemaliza shahada ya kwanza Dar es Salaam, Dodoma au Makerere anaweza kuomba nafasi hapa, au Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Shahada ya kwanza haina haja ya kubeba ndoto yote.

"Kwa hiyo nisiende Ulaya, Shangazi?"

Nilimwambia aende wakati atakapokuwa na swali linalohitaji Ulaya. Na nikamweleza mambo ya karatasi, maana nayo ni sehemu ya kuchagua. Anayetaka kusoma nje anatakiwa apate kwanza cheti cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha kutokuwa na pingamizi, la sivyo atasumbuka siku ya kutaka shahada yake itambuliwe. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa shahada ya kwanza, kwa kawaida, ni wa vyuo vya ndani. Na tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, nao kwa sehemu kubwa ni wa vyuo vya ndani pia. Nimeona familia zikiuza shamba kwa ajili ya chuo cha nje ambacho hakuna aliyeuliza kina maabara ya namna gani.

Nyabugogo tulipanda basi la Rubavu, ndilo jina la wilaya, ingawa watu wengi bado wanasema Gisenyi. Kihangaza chetu kiko karibu na Kinyarwanda, kwa hiyo tulielewana na kila mtu. Barabara inapanda hadi baridi inaingia dirishani, kisha inafika Musanze, mji wa viazi na volkano. Katika vilima vya karibu na hapo uko mlima Mugogo, na juu yake, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima gesi za angani usiku na mchana: hewa ukaa, methani na nyinginezo. Ni kazi ya Rwanda kwa kushirikiana na MIT ya Marekani. Nilimwonyesha vilima vile huku nikimweleza. Alikaa kimya kidogo, kwa sababu MIT ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yake.

"Wamefuata nini huku?"

"Wamefuata mlima. Mlima hauhamishiki."

Kutoka Mukamira basi linaanza kushuka. Kiangazi kilikuwa kimetanda utusitusi, ziwa tukaliona kama bati lililofifia, na Nyiragongo haikuonekana kabisa. Tuliiona asubuhi iliyofuata, imesimama juu ya Goma, karibu kuliko nilivyomwandaa mtoto. Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Upande wa huku kuna barabara ya ufukweni yenye miti mikubwa na nyumba za enzi za Wabelgiji. Ukipanda kuelekea kizuizi kidogo, kile wanachokiita Petite Barrière, unaingia kwenye umati wa akina mama wenye mabeseni ya nyanya, vitunguu na samaki, wengine kwa miguu, wengine wakisukuma baiskeli za magurudumu matatu. Kiswahili kinasikika kila mahali, cha Goma, chenye "njo" na "bote" zake.

Mama mdogo alitupokea kwa sambaza wa kukaanga na viazi. Sambaza ni wale dagaa wa Kivu. Asili yao ni Ziwa Tanganyika, waliletwa ziwani humu mwaka 1959. Ukutani kwake, kutoka dirishani hadi sakafuni, kuna ufa uliozibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Mtoto aliuliza.

"Huo ni wa Mei 2021, mjukuu wangu. Mlima ulipasuka Jumamosi usiku, tukaona mbingu nyekundu upande wa Goma. Asubuhi tukadhani yamekwisha. Ndipo ardhi ikaanza kutembea. Tulilala nje, kwenye migomba, na watoto wa watu tusiowajua."

Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini magma iliendelea kupenya ardhini, chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa, ikitetemesha kila kitu kwa siku kadhaa. Nyumba za Gisenyi zilipasuka, barabara zikachanika, wagonjwa wakahamishwa hospitali. Mwaka 2002 ilikuwa tofauti: tarehe 17 Januari lava ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na maelfu ya watu wakakimbilia huku.

Jioni alikuja kijana wa jirani, mwenyeji wa Goma, aliyekuwa akisoma jiolojia Bukavu. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na masomo yake yakakatika. Mtoto alimuuliza alichaguaje chuo.

"Sikuchagua, dada. Kwetu mulima njo ulinichagua. Nikiwa mudogo niliona ba-mbuzi wanakufa mu shimo, hakuna mutu aliwagusa. Mazuku."

Mazuku ni hewa ukaa inayotoka ardhini ikatuama mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima anaweza kupita amesimama na asidhurike, mtoto anayecheza pale pale akaanguka. Kijana yule alikuwa amejifunza kuipima. Alitusimulia habari za OVG, kituo cha kuangalia volkano cha Goma kilichoanzishwa 1986, na jinsi kabla ya mlipuko wa 2021 kilivyokaa miezi bila fedha za kulipia intaneti, vihisi vikiwa mlimani na takwimu hazifiki. Baadaye wanasayansi walipochambua mlipuko ule waligundua kwamba hata vinasa mitetemo vilionyesha dalili kwa muda usiofika saa moja kabla ya mlima kupasuka. Mambo yote mawili ni kweli, na mimi nilitaka mtoto ayashike yote mawili. Maumbile yana siri zake. Lakini kifaa kisicholipiwa kinamnyima mtu hata nafasi ya kuzichunguza.

Kijana aliongeza jambo ambalo wazazi wetu wengi hawalifikirii. Alisema shahada ya miaka mitatu inahitaji chuo kitakachokuwa wazi miaka mitatu. Na alimuuliza mtoto anasoma kwa lugha gani. Yeye alisoma kwa Kifaransa. Rwanda imefundisha kwa Kiingereza tangu 2008. Sisi tunaanza fizikia ya Kiingereza kidato cha kwanza. Kubadili lugha na kubadili ngazi ya hisabati kwa wakati mmoja ni mzigo mzito kwa mtoto yeyote.

Siku iliyofuata tulikwenda Rubona, kusini mwa mji, tukifuatana na binti mwingine wa jirani anayesoma fizikia mwaka wa tatu Kigali. Njiani kuna kiwanda cha Bralirwa, kilichoanza 1957. Kuanzia miaka ya 1960 mtambo mdogo wa Cape Rubona ulivuta methani kutoka ziwani na kuipeleka kiwandani kuchemshia mitambo ya bia, na uliifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, wakati sehemu kubwa ya dunia haijawahi hata kusikia kwamba ziwa linaweza kuwa na gesi.

Baada ya kiwanda ziko chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba. Watu walikuwa wamekaa kwenye mawe, miguu majini, wazee wakisema yanaondoa maumivu ya viungo. Mtoto aligusa maji, akayatazama yanavyotiririka kuingia ziwani, akauliza swali ambalo kwa ajili yake nilikuwa nimefunga safari hii.

"Shangazi, chini ya ziwa nako kuna chemchemi kama hizi?"

"Ziko."

"Basi mbona maji ya moto hayapandi juu? Si mepesi?"

Nilitamani kujibu, nikajizuia, nikamwacha dada yake wa mwaka wa tatu. Yule binti alichora mchangani. Kivu ina kina cha mita 485 mahali pake pa chini kabisa. Ukishusha kipimajoto kutoka juu, maji yanapoa kidogo hadi yapate nyuzi 23 hivi, mita 80 chini. Kuanzia hapo yanapata joto tena kadiri unavyoshuka, hadi karibu nyuzi 26 kilindini. Kwa maji matupu hali hiyo isingedumu. Ya chini yangepanda, ya juu yangeshuka. Lakini chemchemi za kilindini huleta chumvi na hewa ukaa iliyoyeyuka, na hivyo viwili huyafanya maji ya chini kuwa mazito kuliko joto linavyoweza kuyapunguzia uzito. Kwa hiyo ziwa limepangika matabaka. Upepo unakoroga ya juu tu. Ya chini yamelala huko na gesi yake.

Na gesi ni nyingi: kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, ukizipima zikiwa zimetoka nje ya maji. Kila mita kumi za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa angahewa yote iliyo juu yetu, na mgandamizo huo ndio unaoibana gesi ibaki imeyeyuka, kama soda kwenye chupa isiyofunguliwa. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa dogo la Nyos nchini Kamerun liliachia hewa ukaa yake usiku, watu wapatao 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi mno, na wanaoizunguka ni takribani milioni mbili. Waliochunguza wanatuambia kilindi chake bado kiko mbali na kujaa gesi kiasi cha kuchemka chenyewe, na lava ya 2002 haikufika kwenye maji yale ya gesi. Wanajua hivyo kwa sababu mtu alipanda mtumbwi au jahazi, akashusha waya wenye vihisi vya joto, kina na chumvi, akaandika namba, akarudi tena msimu uliofuata. Rwanda ina mpango wa kudumu wa kufanya hivyo hapa, wa kufuatilia Ziwa Kivu.

Kutoka ufukweni unaweza kumweleza mtu jinsi umeme wa gesi unavyofuliwa. Bomba linashushwa kilindini, zaidi ya mita 300. Maji yakianza kupanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na mapovu yenyewe yanayavuta maji mengine bila pampu. Juu, gesi inatenganishwa, inaoshwa kwa maji ili hewa ukaa ipungue, methani inapelekwa nchi kavu kuendesha mitambo. Mradi wa KivuWatt wa Karongi unatoa megawati 26 tangu 2016; wa Shema, hapa Rubavu, ulikusudiwa kutoa 56. Lakini kuna jambo moja linaloamua usalama wa yote: maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kina gani? Ukiyarudisha juu mno, chumvi na mbolea zake zitavuruga maji ya samaki. Ukiyarudisha mahali pasipo pake, unaweza kudhoofisha tabaka linalolizuia ziwa lisijigeuze.

Hapo ndipo nilipompa jibu la baba yake. Mhandisi ndiye anayejenga mtambo, na namheshimu. Ila namba ya kina anaipata kwa mtu aliyepima uzito wa maji, aliyejua kemia ya chumvi zile na fizikia ya matabaka. Nchi yenye wahandisi tu itanunua namba hiyo kwa wageni. Nililisema hili kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akikanda goti lake aligeuka akatutazama.

Ajabu ni kwamba mjini humu, mbele ya ziwa kama hili, vyuo vilivyopo vimejulikana zaidi kwa biashara, sheria na utalii. Anayetaka fizikia anapanda basi kwenda Kigali. Ningekuwa na sauti huko zinakopangwa ndaki, ningeomba kila mwanafunzi wa fizikia, kemia na jiolojia wa Afrika Mashariki akae muhula mmoja hapa: Mrundi, Mganda, Mkongo, Mkenya, sisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza 2017 eneo moja la elimu ya juu. Ziwa hili lingekuwa maabara yake ya kwanza.

Usiku, barazani kwa mama mdogo, mataa ya wavuvi yalikuwa yameanza kuwaka ziwani, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Niliwasimulia habari za Erasto Mpemba, maana nilijua binti wa Kigali hajazisikia na wangu amezisikia nusu. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, na wenzake wakitengeneza aiskrimu ya maziwa. Aliharakisha kupata nafasi kwenye friji, akaweka maziwa yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne wa fizikia, na Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwambia fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza kweli, lakini akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo kwa jina la kijana wa Kitanzania. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori, Mweka.

Ninaipenda habari hii kwa sababu ya fundi. Watu hukumbuka mwanafunzi na mhadhiri, ila pasipo fundi wa maabara, friji inayofanya kazi na saa ya kupimia, swali lingeishia Iringa. Nilisoma chuo ambacho sitakitaja. Katika mazoezi kwa vitendo tulizunguka kifaa kimoja, mmoja akipima na wengine tukinakili namba zake, na kifaa kikiharibika tulipewa namba za mwaka uliotangulia. Nilihitimu nikijua kanuni nyingi na sijawahi kushika vitu vingi vinavyozithibitisha. Najua ni nini nilichonyimwa, kwa hiyo naona uchungu kumwona mtoto mwenye akili akichagua chuo kwa picha ya lango lake.

"Basi niulize nini, Shangazi?"

Binti wa mwaka wa tatu ndiye aliyejibu, na alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu. Alisema usiiulize ofisi ya udahili, waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, maana wa mwaka wa kwanza bado wana furaha na wa mwaka wa mwisho wamechoka. Waulize wanashika kifaa mara ngapi kwa muhula, na ni wangapi wanakishika pamoja. Waulize fundi sanifu wa maabara ni nani. Wakimjua kwa jina, ujue yupo na anafanya kazi. Mimi niliongeza walimu: wanapima nini wenyewe, wapi, na je, wanakwenda na wanafunzi wa shahada ya kwanza? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina utafiti wa muda mrefu wa vifaa vya nishati ya jua katika idara ya fizikia, na idara hiyo inafundisha pia elimu ya hali ya hewa. Anayependa jua na angahewa ana sababu ya kwenda huko inayozidi jina la chuo.

Mama mdogo alikuwa akisikiliza akichambua maharage. Aliuliza swali la watu wazima: akimaliza, atakula nini?

Ni swali la haki, na sipendi wanaolibeza. Nilimtajia kazi ninazozijua: Mamlaka ya Hali ya Hewa, Tume ya Nguvu za Atomiki, hospitali zenye mashine za mionzi, viwango na vipimo, ualimu ambao una uhaba mkubwa wa watu wa fizikia. Na kwetu Ngara, Kabanga, kuna nikeli ambayo mkataba wake kati ya serikali na mwekezaji ulitiwa saini Januari 2021. Mawe yamekaa chini ya vijiji vyetu tangu mababu, na siku yatakapochimbwa, atakayesoma sampuli ni ama mtoto wa Ngara ama mtu mwingine.

Mtoto hakusema kitu. Kesho yake alikwenda tena Rubona na kijana wa Goma, wakarudi na vipande vya mawe meusi ya volkano mfukoni, na vidole vyake vilikuwa na vumbi.

Siku chache baadaye tulianza safari ya kurudi. Kutoka Kayonza hadi Rusumo tulibishana. Alikuwa amechagua jiolojia, na ya kwanza aliandika Dodoma, kwa hoja kwamba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina makao na maabara zake mji huo huo, na mwanafunzi anayebisha hodi kila likizo mwishowe hufunguliwa. Mimi ningeanza na Dar es Salaam, kwa kuwa idara yake ni ya zamani na ina walimu waliokwisha kutembea Bonde la Ufa lote. Alisema ya pili itakuwa Dar, na ya tatu fizikia, Dar hiyo hiyo, kwa ajili ya lile swali la maji ya moto. Alikuwa ameshapata namba za wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wa Dodoma na kuwaandikia. Mmoja alikuwa amemjibu kwa ujumbe mrefu wa sauti, akamwelekeza hadi mahali mashine ya kukatia mawe ilipo.

Tulipofika Benako, upande wa Tanzania, laini za kwetu ziliposhika mtandao, alimpigia baba yake. Aliweka spika ili nisikie. Kaka aliuliza mara mbili kama ni kweli si uhandisi. Mtoto alimweleza habari za bomba, za kina cha kurudishia maji, na za mtu anayepima uzito wa maji kabla mhandisi hajajenga. Alieleza taratibu, bila kukosea namba hata moja. Halafu akamwambia kuhusu Kabanga.

Kaka alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ada ya maombi ni kiasi gani, na inalipwa kwa namba ipi.